Kutangulia Si Kufika: Somo la Kupanga Safari Ndefu ya Pikipiki ya Kikundi



Katika toleo hili tunaendelea na masomo yetu ya usalama barabarani kwa jamii za mipakani. Somo hili linawalenga hasa waendesha bodaboda, vijana wa vikundi vya kuweka na kukopa, na jamaa wote ambao mara kwa mara huwasha pikipiki kumi au ishirini kwa pamoja na kwenda harusini, matangani au kumjulia hali mwenzao nchi ya pili. Mpaka umegawa nchi zetu, lakini haukugawa koo wala urafiki. Safari hizi zitaendelea, na ni vyema ziendelee. Tunachotaka ni kwamba idadi iliyoondoka iwe ndiyo idadi iliyorudi.

Mwisho wa somo, msomaji atarajiwe kuweza: kupima urefu wa safari kwa saa na si kwa kilomita peke yake; kugawa kazi katika msafara; kuvuka mpaka kwa utaratibu, hasa pale upande wa kuendeshea unapobadilika; na kutenda ipasavyo mwenzake anapoanguka.

Kisa kilichonifundisha

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa askari kijana niliye likizoni, nilijiunga na pikipiki kumi na tisa zilizosindikiza jeneza la rafiki yetu kutoka mjini hadi kijijini kwao. Hatukupanga lolote. Aliyekuwa na pikipiki yenye nguvu alitangulia, na wengine wakafuata vumbi lake. Mimi nilikuwa wa tatu au wa nne kutoka mbele. Tulipofika kituo cha mafuta kwenye mji mdogo njiani, mtu mmoja aliuliza alipo fulani. Kila mmoja wetu alijibu kwamba yuko nyuma. Hakuna aliyesema uongo, kwa maana kila mmoja aliamini hivyo. Tulisubiri nusu saa, kisha wanne tukarudi.

Tulimkuta katika bonde la mafunjo, kilomita kadhaa nyuma. Gurudumu lake la mbele liliingia shimoni, akarushwa nje ya barabara, na mafunjo yakamfunika yeye na chombo chake. Mchungaji wa ng'ombe ndiye aliyemsikia akiugua. Alikuwa amelala pale zaidi ya saa moja, paja likiwa limevunjika. Alipona, lakini goti lake halikunji hadi leo, na kazi ya bodaboda ilimwisha siku ile. Nilipomtembelea hospitalini aliniuliza swali moja tu: "Nani alikuwa nyuma yangu?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa hakuna aliyepangiwa kuwa nyuma yake. Somo hili lote ni jaribio la kulijibu swali lile.

Sehemu ya kwanza: Safari hupimwa kwa saa

Tuchukue mfano. Waendesha bodaboda kumi na wawili wa Masaka wanataka kwenda harusi ya mwenzao Kigali, kwa kupitia Mbarara, Ntungamo na mpaka wa Mirama Hills na Kagitumba. Kutoka Masaka hadi Mbarara ni takriban kilomita 140. Hadi Ntungamo ziongezwe karibu 65. Kutoka Ntungamo hadi Mirama Hills ni 37. Baada ya kuvuka, kutoka Kagitumba hadi Kayonza ni kama 116, na kutoka Kayonza hadi Kigali ni kama 75. Jumla ni kilomita 430 na ushei.

Mtu mwenye haraka atasema: "Pikipiki yangu hukimbia themanini. Kwa saa tano na nusu nimefika." Hesabu hiyo ni ya mtu mmoja, barabara tupu, na tangi lisilokwisha. Kikundi hakiendi hivyo. Kuna miji, matuta, malori, ng'ombe wa Ankole wanaovuka upande wa Lyantonde na Sanga, na mwenzenu mwenye pikipiki kuukuu. Mwendo wa wastani wa kikundi ni nadra kupita kilomita 50 kwa saa. Basi kilomita 430 ni karibu saa nane na dakika arubaini za magurudumu kuzunguka. Kila kilomita 80 hivi, watu wapumzike dakika ishirini. Vituo vitano hufanya saa moja na dakika arubaini. Mpakani tuweke saa moja. Tumefikia saa kumi na moja na dakika ishirini.

Kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mchana una takriban saa kumi na mbili, mwaka mzima. Imebaki chini ya saa moja. Tairi mbili zikitoboka, zimekwisha, na kilomita za mwisho zitaendeshwa gizani, katika nchi ya ugeni, na watu waliochoka. Hapo ndipo kikundi huanza kukimbia ili kufidia, na hapo ndipo ajali hukisubiri.

Kwa hiyo safari hii ni ya siku mbili. Siku ya kwanza, ukaguzi ufanyike saa moja asubuhi na kuondoka kuwe saa mbili. Kwa vituo vya Lyantonde na Mbarara, kikundi kitafika Ntungamo kiasi cha saa saba mchana, na alasiri itumike kupumzika na kurekebisha vyombo. Siku ya pili, waondoke saa moja asubuhi, wafike mpakani wakiwa na akili zilizolala usingizi. Wakipumzika Kabarore na Kayonza, watawasili mapema mchana. Aliyechoka hapaswi kuvuka mpaka, kwa sababu mtakazoziona katika sehemu ya nne.

Sehemu ya pili: Chombo, mzigo na hati

Wiki moja kabla, pikipiki zote zikusanywe mahali pamoja na zikaguliwe na fundi mmoja mbele ya wote. Ukaguzi wa hadharani humwondolea mtu aibu ya kusema kwamba breki zake zimeisha. Yaangaliwe matairi, breki za mbele na za nyuma, cheni, mafuta ya injini, taa zote, honi, na vioo viwili vya kutazamia nyuma. Vioo navisisitiza: waendeshaji wengi huving'oa ili wapenye kwenye msongamano. Asiye na vioo hawezi kumchunga aliye nyuma yake, na kwa hiyo hafai kuingia katika msafara.

Kikundi kibebe mpira wa ndani wa akiba, pampu, spana, plagi, waya wa klachi na wa breki, na balbu. Kibebe pia sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji, glavu, mkasi na vitambaa safi. Vifaa hivi vikae kwa mtu wa mwisho, si wa kwanza. Chombo kinachoharibika hubaki nyuma; vifaa vikiwa mbele havina faida.

Kila mwendeshaji na kila abiria avae kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi nyingi zimeonyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Kofia iliyotundikwa mkononi haipunguzi chochote. Abiria ni mmoja tu kwa pikipiki, na mzigo usizidi upana wa usukani.

Kuhusu hati, kila mmoja awe na kitambulisho cha taifa au pasipoti, leseni ya kuendesha, kadi ya umiliki wa chombo, na bima inayotambuliwa nchi ya pili, yaani Kadi ya Njano ya COMESA. Kati ya Uganda, Rwanda na Kenya raia husafiri kwa kitambulisho cha taifa. Anayekwenda nchi nyingine aulize idara ya uhamiaji mapema. Wengi wenu huendesha pikipiki za matajiri wenu. Mwombeni mwenye chombo barua ya idhini iliyotiwa saini, kwa maana pasipo barua hiyo ofisa wa forodha hana njia ya kukutofautisha na mwizi wa pikipiki.

Jambo dogo lenye usumbufu mkubwa: wengi hufunga hati zao katika mifuko ya plastiki ili zisilowe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, nayo hunyang'anywa mpakani. Tumieni mfuko wa turubai au wa ngozi.

Sehemu ya tatu: Kirangozi na mfunga msafara

Wazee wetu walijua kusafiri kwa kikundi kabla ya injini. Misafara iliyotoka pwani kupitia Unyanyembe na Karagwe hadi Buganda ilikuwa na kirangozi, kiongozi aliyetangulia na kushika njia, na wanyapara waliosimamia watu wasitawanyike. Hekima hiyo ndiyo tunayoihitaji.

Kirangozi wenu asiwe mwenye pikipiki ya kasi, bali mwenye subira na anayeijua njia. Kazi yake ni kwenda kwa mwendo ambao mwenye chombo dhaifu kuliko vyote anaweza kuufuata bila kujitesa. Huyo dhaifu, pamoja na wageni wa safari ndefu, wawekwe mara tu baada ya kirangozi. Wenye uzoefu wakae katikati na mwisho. Mfunga msafara awe mtu mzima, mwenye simu iliyojaa chaji, vifaa na koti la kuakisi mwanga. Hapitwi na mwenzake yeyote, wala hamwachi yeyote nyuma.

Kanuni kuu ya msafara ni hii: kila mmoja humchunga aliye nyuma yake. Usipoiona taa ya mwenzako kiooni, punguza mwendo. Usipoiona bado, simama mahali salama. Aliye mbele yako naye hatakuona, atapunguza, na hivyo habari itapanda hadi kwa kirangozi bila simu wala honi. Msafara mzima utasimama wenyewe. Kwenye njia panda, asikate kona mtu kabla ya kuhakikisha kwamba aliye nyuma amemwona akikata. Laiti tungeijua kanuni hii siku ile ya mazishi, mwenzetu asingelala kwenye mafunjo hata dakika tano.

Kuhusu nafasi, msiendeshe sambamba wawili wawili, wala msifuatane mstari mmoja mkikaribiana. Kwenye barabara iliyonyooka, mjipange kwa kupishana: wa kwanza karibu na mstari wa katikati ya barabara, wa pili karibu na ukingo, wa tatu nyuma ya wa kwanza. Kati yako na aliye mbele upande mwingine iwe sekunde moja. Kati yako na aliye mbele yako hasa ziwe sekunde mbili. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde, hivyo sekunde mbili ni zaidi ya mita 33. Kwenye kona, vumbi, mvua au daraja jembamba, fuataneni mmoja mmoja na umbali uongezwe.

Pikipiki kumi na mbili zikijipanga hivyo huchukua zaidi ya mita 180. Hakuna basi linaloweza kuzipita zote kwa usalama, na dereva akikwama katikati, gari likija mbele, atawaangukia nyinyi. Kwa hiyo wagawanyike sita na sita, kila kundi na kirangozi wake na mfunga msafara wake, kundi la pili likiondoka dakika chache baada ya la kwanza.

Kupita magari ni kazi ya mtu mmoja mmoja. Aliyekwisha kupita asimpungie mkono aliye nyuma kumwita, kwa kuwa nafasi aliyoiona yeye imekwisha kupita pamoja naye. Kila mtu aone kwa macho yake. Wala msifunge njia panda ili kikundi kipite. Msafara wa raia hauna kipaumbele barabarani, hata uwe wa bwana harusi au wa maiti.

Sehemu ya nne: Mpaka unapogeuza barabara

Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia. Anayevuka Mirama Hills kwenda Kagitumba, au Katuna kwenda Gatuna, au Rusumo kutoka Tanzania, hubadili upande katika mwendo wa mita chache.

Watu hudhani hatari iko pale pale mpakani. Sivyo. Pale kila mtu yuko macho, na magari mengine humwongoza. Hatari huja baadaye: unapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu, unapogeuza baada ya kukosa njia, au asubuhi ya pili ukiwa na usingizi. Mazoea ya miaka kumi huushika usukani kabla ya akili. Kwa hiyo wekeni sharti: baada ya kila kituo, kirangozi aseme kwa sauti, "Kulia!" na wote waitikie kabla ya kuwasha injini. Kwenye mzunguko wa barabara, mtazunguka kinyume cha mlivyozoea, na magari ya kuyapisha yatatoka kushoto. Mpangilio wenu nao ugeuke: karibu na katikati ya barabara sasa ni upande wa kushoto wa njia yenu, na kupita gari ni kwa kushoto.

Saa nazo hubadilika. Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Saa tatu asubuhi ya Mirama Hills ni saa mbili ya Kagitumba, na baadhi ya watu hufurahi kwamba wamezawadiwa saa. Jua halijui mpaka. Kule giza huanza kuingia karibu na saa kumi na mbili jioni kwa saa ya huko. Hesabuni kwa mwanga.

Mwisho, piteni kituoni. Ndugu zetu wa mipakani tunazijua njia za panya, na sote tunajua kwa nini hutumiwa. Lakini aliyepita njia ya panya hana muhuri, bima yake inaweza kukataliwa, na akianguka hakuna daftari linaloonyesha kwamba yumo nchini. Hali kadhalika, usikubali kumbebea mtu kifurushi usichokifungua wewe mwenyewe. Kifurushi kimoja chaweza kulaza kikundi kizima mahabusu.

Sehemu ya tano: Mwenzenu akianguka

Kwanza, linda mahali pa ajali. Watu wawili waende pande zote mbili za barabara, mita mia moja au zaidi, waonye magari kwa taa, vitambaa au matawi ya miti. Wengi hufa kwa kugongwa na gari la pili.

Pili, piga simu. Uganda na Kenya ni 999 au 112. Rwanda na Tanzania ni 112. Sema mlipo, kijiji au alama ya kilomita, na idadi ya majeruhi.

Tatu, zuia damu kwa kubana jeraha kwa kitambaa safi. Usimvue kofia aliyezimia ikiwa anapumua. Mtulize kichwa na shingo visitikisike. Ikiwa hapumui, kofia itolewe polepole na watu wawili, mmoja akishikilia shingo.

Nne, na hili ndilo zito: msimpakie majeruhi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Najua hufanywa kwa huruma. Lakini uti wa mgongo uliopata ufa hukatika kwa kukalishwa na kutikiswa, na mtu ambaye angetembea tena hubaki kitandani maisha yake yote. Tafuteni gari, mlazeni chali juu ya ubao au mlango, mkiinua wote kwa pamoja.

Kuhusu pombe sitaandika mengi. Safari ya kwenda huwa na nidhamu. Ya kurudi hubeba usiku wa harusi kichwani. Siku ya kurudi ipangwe baada ya siku nzima ya mapumziko, na mfunga msafara awe na mamlaka ya kuchukua funguo za yeyote, hata za mwenyekiti.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Safari yenu ijayo ina kilomita ngapi, na ni saa ngapi mkijumlisha vituo na mpaka? Je, inatosha mchana mmoja?
2. Nani atakuwa kirangozi, na nani mfunga msafara? Mmemchagua kwa sifa gani?
3. Ni pikipiki zipi kikundini hazina vioo leo?
4. Onyesheni kwa vijiti mchangani jinsi mpangilio wenu utakavyogeuka baada ya kuvuka kwenda nchi ya upande wa kulia.
5. Majina ya wasafiri, namba za vyombo na simu za jamaa zao vimeachwa kwa nani nyumbani?

Swali la tano lisipuuzwe. Acheni nakala moja kwa mwenyekiti wa kituo chenu, na mkipenda, nyingine kwa ofisa wa trafiki wa kituo cha polisi kilicho karibu. Hatuiombi orodha hiyo ili kuwapeleleza. Tunaiomba ili siku mtu asipoonekana, pawepo anayejua kwamba ameondoka.

Rafiki yangu wa goti lisilokunja bado huja kituoni pale wanapoegesha vijana. Kila kikundi kinapoondoka huwauliza neno lile lile, naye hakubali injini ziwashwe kabla ya kila mmoja kumtaja kwa jina aliye nyuma yake. Wa mwisho hutaja jina la mungu wake, kisha wanaondoka.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Nasi polisi, ambao mara nyingi ndio tunaobisha hodi nyumbani kwa wazazi usiku, tunaongeza kwamba hata kufika hakujawa kufika mpaka wa mwisho awasili. Tunawatakia safari njema, na marejeo mema.